Kuitwa na Kukamatwa

Kijana aondokapo kwao asubuhi na mapema, mzigo begani, akifuatana na watu waliokuja kumchukua, jirani atazamaye kwa mbali hawezi kujua kama kijana huyo ameitwa au amekamatwa. Miguu huenda vivyo hivyo, vumbi hutimka vivyo hivyo, na mama husimama mlangoni vivyo hivyo. Walakini baina ya mambo hayo mawili pana tofauti kubwa, kama ile iliyopo baina ya kukopwa na kuibiwa. Katika insha hii, msomaji, nataka tuitafute tofauti hiyo pamoja. Mtawala apatapo haja ya mikono ya watu, kwa kazi au kwa vita, ni kitu gani kiifanyacho amri yake kuwa wito wa haki, na ni kitu gani kiifanyacho kuwa unyang'anyi?

Jibu jepesi ni kusema kwamba tofauti ni sheria. Palipo na sheria, mtu ameitwa. Pasipo na sheria, amekamatwa. Jibu hili lapendeza kwa ufupi wake, lakini halitoshi. Katika mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Serikali ya Kiingereza katika nchi ambayo leo ni Kenya ilitunga sheria ya kuwaandikisha wapagazi kwa nguvu. Kabla ya sheria hiyo watu walikuwa wakishikwa kwa mkono. Baada yake walishikwa kwa mkono na karatasi. Je, karatasi ile iliupunguza uchungu wa mama, au iliugeuza ubaya kuwa wema? Sheria ni kalamu, na kalamu huandika atakalo aliyeishika. Kwa hiyo hatuna budi kutafuta jibu mahali pengine, na mahali penyewe si mbali. Ni katika nchi iliyo nyuma ya Malindi na Kilifi, kwa Wagiriama, na mwenye kutupa somo ni mwanamke mjane.

Wagiriama ni mmoja wa makabila tisa ya Wamijikenda. Mwanzoni mwa karne ya ishirini walikuwa wamekwisha kuenea kutoka msitu wa kaya yao kuu, Kaya Fungo, hata kuuvuka Mto Sabaki, ambao huingia baharini kaskazini ya Malindi. Walilima mahindi na mtama, wakafuga mbuzi, wakagema tembo, na ziada ya nafaka yao waliiuza katika miji ya pwani kama Malindi na Takaungu. Hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na baraza la wazee liitwalo kambi, ambalo nguvu yake haikuwa ya askari bali ya viapo, mila na heshima. Mtu aliye na shamba lake na ghala lake hana sababu ya kwenda kuchuma rupia chache katika shamba la mtu mwingine. Wagiriama hawakuwa wavivu. Walikuwa na kazi yao wenyewe.

Sasa tazama upande wa pili. Mashamba makubwa ya pwani yalikuwa yamelimwa na watumwa kwa miaka mingi. Mwaka 1907 Serikali ya Kiingereza iliifuta kwa sheria hali ya utumwa katika mwambao, na kwa tendo hilo yastahili sifa. Lakini mashamba yalibaki bila mikono, na Wazungu waliokuja kupanda pamba na mpira nao walitaka watu. Mji wa Mombasa ulitaka vibarua. Macho ya Serikali yakageukia bara, kwa Wagiriama. Mwaka 1912 akapelekwa kwao Bwana Shauri mmoja, jina lake Arthur Champion, awatoze kodi ya nyumba na kupata vijana wa kwenda kufanya kazi mbali na kwao. Njia yake ilikuwa kuwatumia wazee waliochaguliwa na Serikali. Wazee wa kambi, ambao watu waliwajua, wakasukumwa kando. Na wazee wa Serikali, ambao Serikali iliwajua, wakaambiwa walete watu.

Fikiri, msomaji, jambo hilo lilivyosikika katika masikio ya mama wa Kigiriama. Nchi ile ilikuwa haijasahau biashara ya watumwa. Ilikuwa haijasahau pia miaka ya njaa, ambapo jamaa nyingine za Kimijikenda ziliwaweka watoto rehani huko pwani ili wapate nafaka, na baadhi ya watoto hao hawakurudi tena. Sasa akaja mtu mwingine, mwenye bendera nyingine, akasema kwamba anataka vijana waende pwani. Akasema watalipwa. Akasema watarudi. Labda aliyasema hayo kwa moyo mweupe. Lakini mama yule aliwahi kuyasikia maneno ya namna hiyo, naye alijua kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Hapo ndipo alipotokea Mnyazi wa Menza. Historia inamkumbuka kwa jina la Mekatilili, yaani mama yake Katilili, na jina lenyewe ni hoja: yeye aliyesimama mbele ya dola kubwa kuliko zote za wakati wake alijulikana kwa jina la uzazi. Alikuwa mjane na mtu mzima. Husimuliwa kuwa nduguye mmoja alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa akapotea moja kwa moja. Kwa desturi ya zamani haukuwa wajibu wa mwanamke kuongoza mashauri ya kabila zima. Lakini mwaka 1913 Mekatilili alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakamfuata. Aliichagua ngoma hiyo kwa maana, kwani ngoma ya matanga ndiyo iwakusanyayo watu pasipo kuitwa na chifu, na tena huwaambia ya kuwa pana kitu kinachokufa. Pamoja na Wanje wa Mwadori Kola aliwakusanya watu Kaya Fungo, wanawake wakala kiapo chao kiitwacho mukushekushe, na wanaume wakala kiapo cha fisi. Waliapa kutomtumikia Mzungu wala kumpa msaada.

Katika Agosti ya mwaka huo Champion aliwakusanya watu barazani awatake vijana. Masimulizi ya Wagiriama yanasema kwamba Mekatilili alikuja na kuku na vifaranga vyake, akamwambia Bwana Shauri ajaribu kuchukua kifaranga kimoja tu. Bwana Shauri akanyosha mkono, na kuku akamdonoa. Basi, akaambiwa, hivyo ndivyo utakavyoona ukijaribu kuwachukua watoto wetu. Masimulizi yanaendelea kusema kuwa Bwana Shauri alikasirika, akampiga kuku yule risasi.

Tusimame hapa kidogo, maana katika kisa hiki kidogo limo jibu tunalolitafuta. Waswahili husema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Kwa kawaida twaitumia methali hiyo kuhimiza huruma. Mekatilili aliligeuza wazo hilo kuwa swali la utawala. Alimwuliza mwenye nguvu: je, waweza kuchukua pasipo kuuliza, na bado ukajiita mlinzi wetu? Maana neno la Serikali ile lilikuwa ulinzi. Nchi yenyewe iliitwa nchi ya himaya. Na mwenye nguvu alijibu kwa risasi. Risasi ilimwua kuku, lakini swali lilibaki pale pale bila jibu.

Kwa hiyo nasema hivi. Tofauti baina ya kuita na kukamata ni kwamba aitaye husubiri kujibiwa. Mtu anayebisha hodi amekwisha kukubali, kabla mlango haujafunguliwa, kwamba mwenye nyumba aweza kusema hapana, au aweza kusema si leo, au aweza kuuliza wataka nini. Mtu avunjaye mlango hakuuliza kitu. Baraza la Champion lilikuwa na umbo la mashauri: palikuwa na kivuli cha mti, palikuwa na watu waliokaa, palikuwa na mkalimani. Lakini uamuzi ulikuwa umekwisha kukatwa kabla mtu hajafunua kinywa. Baraza la namna hiyo ni kukamata kwa adabu.

Najua utaniuliza swali gumu, nami nafurahi ukiuliza. Utasema: kama kila mtu aweza kusema hapana, nchi itakwendaje? Nani atalipa kodi? Nani atajenga barabara? Na adui akija, nani atakwenda mpakani? Swali hili ni la haki, na asiyelijibu hana budi kunyamaza. Mimi najibu kwamba si lazima kila mtu aweze kuikataa kila amri. Ni lazima watu watakaoibeba amri wawe na sauti katika kuitunga, na wawe na haki ya kuuliza hesabu yake. Mtoto hulalamika kuchota maji, naye huenda kuchota, wala hatusemi amefanywa mtumwa, kwa sababu maji yale atayanywa na yeye, na nyumba ile ni yake. Raia aliyeshiriki kuweka sheria, ambaye aweza kumwondoa mtunga sheria mbaya, akiitwa kwa sheria hiyo ameitwa na nafsi yake pia. Wagiriama hawakuwa na sauti katika kutunga amri ile. Faida yake ilikuwa ya mashamba ya watu wengine. Na hapakuwa na mahali pa kuuliza hesabu ila mbele ya yule yule aliyetoa amri.

Ulimwengu wenyewe, baada ya kuchelewa, ulikuja kulikiri jambo hili. Mwaka 1930 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kukomesha kazi za lazima. Mkataba huo haukulaumu kila kazi ambayo mtu huamriwa. Ulitenga utumishi wa kijeshi uliowekwa na sheria, na ulitenga kazi ndogo za jumuiya afanyazo mtu kwa manufaa ya kijiji chake. Lakini kwa kazi hizo za kijiji uliweka sharti: wanakijiji au wajumbe wao wawe na haki ya kushauriwa kama kazi hiyo inahitajika. Kushauriwa! Ndilo neno alilokuwa akilidai mjane wa Kigiriama miaka 17 kabla ya mkataba ule kuandikwa.

Sasa tuendelee na historia, maana tusipoijua gharama hatuwezi kuupima wema. Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakapelekwa mbali sana, Kisii, katika upande wa magharibi ya nchi. Mapema mwaka 1914 walitoroka, wakarudi kwao. Kutoka Kisii hata nchi ya Giriama ni zaidi ya kilometa 600 kwa mstari ulionyoka, na hakuna aendaye kwa miguu katika mstari ulionyoka. Mwanamke mtu mzima aliivuka nchi ya watu ambao lugha zao hakuzijua, ili arudi aseme neno lile lile alilofungiwa.

Tarehe 4 Agosti 1914 Serikali ilianza kuibomoa Kaya Fungo kwa baruti, ikidhani kwamba viapo vitakufa pamoja na mahali vilipoliwa. Siku hiyo hiyo, huko Ulaya, Uingereza iliingia vitani na Ujerumani. Mekatilili na Wanje wakakamatwa tena, na kabla ya mwezi ule kwisha mapigano yakazuka. Mishale ilipigana na bunduki. Mamia ya Wagiriama waliuawa, nyumba nyingi zikachomwa moto, na mbuzi wakachukuliwa kwa maelfu. Mwisho Wagiriama walilazimishwa kukubali masharti: walipe faini ya rupia 100,000, waondoke upande wa kaskazini ya Sabaki ambako ardhi yao ilikuwa na rutuba, na watoe watu 1,000 wa kufanya kazi ya upagazi.

Soma tena sharti lile la mwisho. Lile walilolikataa ndilo walilotozwa. Hapa ndipo mwenye busara ya baridi atakapotuambia: mliona? Mkono usioweza kuukata, ubusu. Lau Wagiriama wangetoa vijana wachache mwaka 1913, wasingezika mamia mwaka 1914. Mekatilili aliwatia watu wake katika hasara.

Hoja hii nzito, wala si haki kuidharau, kwa maana damu iliyomwagika haikuwa ya anayeandika wala ya anayesoma. Nitasema mambo mawili. La kwanza, hesabu hiyo hudhani kwamba mwenye kukamata hutosheka. Historia haithibitishi. Watu ambao hawakupigana hawakuachwa. Katika vita vile wapagazi walikusanywa nchi nzima, na msako wa mwaka 1917 ulikuwa mkubwa kupita yote. Wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, kwa homa, kwa chakula kibaya na kwa uchovu. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Jina la jeshi lile la wapagazi limebaki vinywani mwetu hata leo katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, na wengi wapitao sokoni humo hawakumbuki kwamba wanataja jina la watu waliokwenda na hawakurudi. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Na nyasi za Afrika Mashariki hazikuulizwa kama zinaujua ugomvi wenyewe.

La pili ni hili. Hesabu ya hasara na faida huhesabu kilichochukuliwa, lakini haihesabu kilichotolewa. Lau vijana wale wangetolewa pasipo neno, wazee wenyewe wangekuwa mkono wa kukamata, na kabila lingejifunza kwamba mtoto ni mali ya yule mwenye nguvu. Waliponyang'anywa baada ya kukataa, ijapokuwa walipoteza vingi, walibaki wakijua kwamba wamenyang'anywa. Hili si jambo dogo. Aliyeibiwa na kujua ameibiwa ana haki ya kudai. Aliyefundishwa kuuita wizi zawadi hana tena hata neno la kudai kwalo. Sisemi kwamba jambo hili lalipa mamia ya makaburi. Hakuna kitu kilipacho kaburi. Nasema kwamba mwenye kuwalaumu waliokataa kwa ajili ya makaburi yale amemlaumu kuku kwa risasi.

Lakini, msomaji, tusimalize kwa kumsifu Mekatilili tu, kama kwamba kumsifu ni kufikiri. Lipo swali ambalo lazima tumwulize na yeye, la sivyo kipimo chetu kitakuwa kipimo cha adui peke yake. Viapo vile vya mukushekushe na fisi vilikuwa vya kutisha. Aliyevunja kiapo aliamini kuwa atapatwa na mauti au maafa katika nyumba yake. Fikiri juu ya kijana mmoja wa Kigiriama, ambaye hatuna jina lake, aliyetaka kwa hiari yake kwenda Mombasa kufanya kazi, kuona meli, na kurudi na fedha ya mahari. Kijana huyo alizuiwa. Serikali ilimvuta kwa kamba ya mbele, na kiapo kilimvuta kwa kamba ya nyuma. Je, yeye aliulizwa na nani?

Nimelifikiri swali hili sana, wala siwezi kulitupa. Waweza kusema, na ni kweli, kwamba tofauti ni nyingi. Mekatilili alikwenda kwa watu kwa miguu yake mwenyewe na ngoma, na waliomfuata walimfuata kabla ya kuapa. Kiapo kiliapwa na watu wenyewe, kwa desturi yao wenyewe. Adhabu ya kukataa kwake aliibeba kwanza mwilini mwake mwenyewe, hata Kisii, ilhali aliyetoa amri ya kukusanya wapagazi hakubeba mzigo hata mmoja. Yote haya yamo katika mizani, na mizani inamwelemea Mekatilili kwa wema. Hata hivyo yule kijana bado yumo katika mizani hiyo, wala hatuna ruhusa ya kumtoa ili hesabu ipendeze. Watu waliodhulumiwa nao hushika kamba, na kamba yaweza kuwa ya lazima wakati wa hatari. Lakini ishikwe na mtu anayejua kwamba ni kamba, na aiachie hatari inapopita.

Hatari ilipopita, mambo yalikwendaje? Mekatilili na Wanje waliachiliwa mwaka 1919. Kaya ikafunguliwa tena, wakarudi humo, Wanje akiongoza baraza la wanaume na Mekatilili baraza la wanawake. Wagiriama walikuwa wamekwisha kuanza kurudi kaskazini ya Sabaki. Serikali iliyodhani kwamba imevunja mahali pa viapo iliona kuwa haiwezi kuitawala nchi pasipo kuwaacha watu na kaya yao. Mekatilili alifariki katika miaka ya 1920, akazikwa Bungale, katika nchi ya Magarini, nyuma ya Malindi. Leo sanamu yake imesimama mjini Malindi, na mwaka 2008 misitu ya kaya za Mijikenda iliandikwa na UNESCO katika urithi wa ulimwengu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 30, inasema wazi kwamba mtu hatafanywa mtumwa wala kulazimishwa kufanya kazi ya shuruti.

Yaonekana basi kwamba jambo limekwisha, na kwamba sisi twaweza kusoma habari hizi kwa raha kama hadithi za zamani. La. Sanamu haikai barazani, na kifungu cha katiba hakisikii mlango unapobishwa. Kila kizazi hupewa nguvu kidogo juu ya wengine, na wewe nawe utapewa. Pengine umekwisha kupewa: u kiranja darasani, au kaka mkubwa nyumbani, au nahodha wa timu. Kesho utakuwa mzazi, au msimamizi wa vibarua, au mkuu wa ofisi, na utahitaji mikono ya watu kwa kazi ambayo wewe waiona ni njema. Labda itakuwa njema kweli. Champion naye hakujiona mwizi. Alijiona mtu anayetimiza wajibu wake. Hilo ndilo la kutisha katika habari yake, na ndilo linalotuhusu.

Siku hiyo ikifika, kabla hujanyosha mkono, jiulize maswali machache. Je, mtu huyu ninayemwamuru alishiriki kuamua? Je, faida ya kazi hii itamfikia, au yangu tu? Je, akiniuliza hesabu, nitamjibu, au nitakasirika? Na akisema hapana, nitamsikiliza sababu yake kabla ya kumwita mkaidi? Ukiweza kuyajibu maswali hayo pasipo kuona haya, basi ita, na watu watakuja. Na hata wachache wasiokuja watajua kwamba uliwaita. Lakini ukiona kwamba jibu lako moja tu ni kwamba wewe ndiwe mwenye amri, urudishe mkono wako kwanza. Huenda mbele yako amesimama kuku na vifaranga vyake, nawe hujamwona bado.